Jinsi Recho Simbeye Alivyoivusha Mvua ya Agulhas Kutoka Tunduma

Tegeni masikio, enyi wa Tunduma na wa Vwawa, enyi mnaochuma kahawa Mbozi Mission na enyi mnaopandikiza mpunga Msangano! Nanyi madereva wa malori mliosimama kwenye foleni ya mpakani tangu juzi, zimeni injini, kwa maana foleni haitasogea na habari hii haihitaji dizeli. Zimekwisha kuimbwa vita vya majemadari waliovuka mito na maelfu ya watu wao, na zimekwisha kuandikwa safari za wafalme waliohamisha miji. Hapa inaandikwa habari ya picha moja, uzito wake megabaiti arobaini na moja, iliyotakiwa kutoka banda la mchele katika mtaa wa Sogea, Tunduma, na kufika Dar es Salaam kabla ya saa kumi alasiri, siku ya Jumatano, mwezi wa pili. Ilikuwa picha ya mvua. Aliyeituma aliitwa Recho.

Huyo Recho alikuwa binti Timotheo Simbeye wa Msangano, mkulima wa mpunga ambaye katika miaka thelathini ya kilimo ameshindwa vita mara mbili tu, na mara zote mbili aliyemshinda ni kwelea kwelea, adui ambaye hata serikali humwendea na sumu kwa njia ya anga. Recho alisoma Msangano, akasoma Tunduma, akaenda Dar es Salaam kusomea tabianchi, akakaa huko miaka sita. Sasa alikuwa amerudi kwa likizo ya wiki mbili, na silaha yake ilikuwa moja: kompyuta mpakato ambayo kitufe cha herufi H kiling'oka mwaka jana, kwa hiyo kila alipoandika neno "hewa" alilazimika kuingiza kidole ndani ya tundu.

Ni lazima vita vyenyewe vielezwe, kwa kuwa shujaa asiye na adui ni mtu wa matembezi tu.

Wanaotaka kujua hali ya hewa ya miaka ijayo huikata dunia miraba ndani ya kompyuta. Kila mraba hupewa joto moja, upepo mmoja na mvua moja, basi. Mraba ukiwa na upana wa kilomita mia moja, vyote vilivyomo ndani yake hugawana wastani. Tunduma na Vwawa zingekaa katika mraba mmoja na kunyeshewa mvua ileile kwa saa ileile, jambo ambalo mtu yeyote aliyepanda gari Tunduma kukiwa kukavu, akashuka Vwawa bila mwavuli, anajua kuwa si kweli. Chombo kizima cha miraba hiyo na hesabu zake huitwa modeli.

Kwa miaka miwili Recho alikuwa amepambana na mkondo wa Agulhas, mto usio na kingo, wenye maji ya joto, unaoshuka baharini kandokando ya kusini mashariki ya Afrika. Ni mto mwembamba ukilinganishwa na bahari. Juu ya maji yake hewa hupata joto na unyevu, hupanda, hujenga mawingu, na mvua kubwa hushuka katika ukanda mwembamba kama mkanda wa suruali. Modeli ya miraba mikubwa hulichanganya joto la mkondo na baridi ya maji ya jirani, ikapata uvuguvugu. Mawingu yakakosa pa kupandia, na mvua iliyopaswa kumwagika mahali pamoja ikanyunyizwa pote kidogokidogo, kama mgeni rasmi anavyogawa ahadi. Modeli ya miraba midogo, kilomita kumi kila upande, huuona ukingo wa maji ya joto mahali ulipo, na mvua kubwa husimama pale pale. Recho alikuwa ameziendesha modeli zote mbili kwa bahari ileile na miaka ileile. Juzi alimaliza kuchora matokeo ya ile ya miraba midogo. Katika picha hiyo mkanda ulionekana.

Sasa, mwalimu wake, Daktari Clement, alikuwa anaandaa bango la kubandikwa kwenye mkutano wa wanasayansi. Kiwanda cha kuchapa kingepokea kazi mwisho saa kumi alasiri siku hiyo. Bango lilikuwa na nafasi ya picha moja. Ikiingia picha ya Recho, watu watajua kwamba mvua kubwa ya mkondo hufichwa na ukubwa wa mraba, na jina lake litasomwa chini yake. Isipoingia, itawekwa picha ya zamani ya miraba mikubwa, nayo itawaambia watu kwamba juu ya mkondo hakuna mvua ya kutisha. Miaka miwili ya kazi ingebaki ndani ya kompyuta isiyo na H, na uongo ungebandikwa ukutani kwa gundi.

Asubuhi Recho alikuwa ameituma picha kwa simu, kwa njia ya kawaida ambayo watu hutumiana picha za harusi na za ng'ombe wanaouzwa. Akatulia, akijihesabu mshindi. Saa nane kasoro dakika kumi Daktari Clement akapiga.

"Recho, nimeiona picha yako," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kutia chumvi katika jambo lolote, hata mboga. "Naona rangi ya bluu, na bluu nyingine. Sijaona mkanda."

"Daktari, mkanda upo. Upo kando ya ncha ya kusini ya bara, unaelekea kusini magharibi."

"Mimi naamini ninachokiona. Nimeweka picha yako kando ya ile ya miraba mikubwa, na zimefanana kama mapacha. Kama hakuna tofauti, natumia ya zamani."

Hapo shujaa wetu akafahamu hila ya adui. Ile njia ya picha, kwa kuwahurumia watu na vifurushi vyao, huibana kila picha kabla ya kuisafirisha: huchukua nukta kadhaa, huzichanganya, huzifanya nukta moja. Recho alikuwa ametumia miaka miwili kuuokoa ukanda wa mvua kutoka katika miraba mikubwa, kisha kwa kidole chake mwenyewe akaurudisha humo kwa sekunde nne.

"Imebanwa njiani," alisema. "Nitaituma kama hati, nzima nzima. Nipe mpaka saa kumi."

"Saa kumi ni saa kumi," alisema Daktari Clement. "Mtu wa kiwanda haongezi hata dakika, nilishamjaribu mwaka juzi."

Basi ulikuwa umebaki muda wa saa mbili na dakika kumi, na jeshi lolote lenye saa mbili na dakika kumi lina haki ya kula kwanza. Ndivyo alivyoamua shangazi yake, Ketrina Simbeye, Malkia wa Magunia, mwenye banda la mchele wa Momba lililopakana upande wa nyuma na nchi nyingine kabisa; kwa maana huko Sogea ukitupa mfupa bila kuangalia, atakayeuokota ni mbwa wa Zambia.

"Huyo mwanaume anakufokea nini?" aliuliza Shangazi Ketrina. "Njoo ule. Mtu hapigani na daktari tumbo likiwa tupu."

Wakakaa nyuma ya banda, juu ya magunia mawili, na kati yao sinia la ubwabwa, maharage, matembele na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tano, kwa hiyo Recho aliifunga kompyuta ili kuokoa betri, akabaki na simu peke yake.

"Sasa niambie," alisema shangazi, "sisi watu wa Msangano, bahari inatuhusu nini? Baba yako alimuuza ng'ombe mweupe ukasomee mvua. Nikajua utatuambia lini tupande. Unaniletea habari za mto ulio ndani ya maji."

"Shangazi, hesabu ni ileile. Angalia hili sinia." Recho akachukua bakuli la maharage. "Nikimwaga bakuli lote hapa kwenye ukingo, hapa panalowa chapachapa. Ndiyo mvua kubwa."

"Na mimi nakuchapa."

"Lakini nikilitawanya sinia zima, kila mtu anapata tone. Ukimuuliza mtu, atasema mchuzi ulikuwa haba. Maharage ni yaleyale. Aliyeyapima kwa sinia zima hajui kwamba kuna mtu mmoja aliloa."

Shangazi Ketrina akatafuna kwa kufikiri. "Kwa hiyo hao wataalamu wako wamekuwa wakipima kwa sinia."

"Wengine. Kompyuta zilikuwa ndogo. Ukigawanya mraba mmoja kuwa mia, kazi inazidi hata hizo mia."

"Basi wewe unapima kwa kijiko."

"Kwa kijiko, shangazi."

"Ndiyo maana unakonda," alisema shangazi, akamwongezea wali.

Mazungumzo hayo, pamoja na habari za ukoo, ndoa mbili zilizovunjika na moja iliyorudi, yaliendelea kwa raha. Recho aliposhiba akaitazama simu. Ilikuwa saa nane na robo. Akashangaa jinsi muda unavyokwenda taratibu nyumbani. Akanawa mikono bila haraka, akaifungua kompyuta ili aanze kazi.

Kompyuta ikasema saa tisa na dakika ishirini na mbili.

Recho akaitazama simu. Saa nane na dakika ishirini na mbili. Akaitazama kompyuta. Mashahidi wawili, wote waadilifu, wote wenye kuonyesha dakika ileile, wakatofautiana kwa saa nzima, na kila mmoja akiwa tayari kuapa.

"Shangazi, ni saa ngapi?"

"Itakuwa tisa imepita. Watoto wa shule wameshaanza kurudi."

Kicheko kikasikika upande wa mbele wa banda. Alikuwa Boazi, fundi simu ambaye meza yake ilikaa mlangoni, Tabibu wa Vioo Vilivyopasuka, mtu aliyefufua simu zilizotumbukia vyooni na hakuwahi kuwauliza wenyewe ilikuwaje.

"Dada," alisema Boazi, "simu yako imevuka mpaka. Imevuka bila pasipoti, wala chanjo ya homa ya manjano. Uko nyuma ya banda, umekaa karibu na mnara wa Nakonde, simu imeudaka. Sasa inasoma saa za Zambia. Huko wako nyuma yetu kwa saa moja."

"We Recho!" shangazi alipiga paja. "Umesoma Tunduma miaka minne! Mtu wa Tunduma anaweka saa ya simu kwa mkono!"

"Simu nimenunua Dar," alisema Recho kwa unyonge. "Huko inajiweka yenyewe."

"Dar!" alisema Boazi. "Watu wenye nchi moja tu."

Na huo ndio ukweli wa mambo, uandikwe bila kumwonea mtu: mnara haujui mpaka. Hutupa mawimbi yake kwa duara, na yeyote aliyemo ndani ya duara hupewa saa moja, awe Mzambia, awe Mtanzania, awe mbuzi. Recho aliyewashutumu wengine kwa kuupa mraba mzima hali moja alikuwa amekaa saa nzima ndani ya duara la namna hiyo, akila dagaa.

Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na nane.

Hapo shujaa akasimama. Akajifunga khanga ya shangazi kiunoni, si kwa uzuri bali kwa sababu sketi yake ilikuwa inanasa kwenye misumari ya banda. Akaiamuru simu iache kujichagulia mtandao. Akaurudisha wa nyumbani kwa mkono. Mtandao wa nyumbani ukaja na mstari mmoja, ukatoweka, ukaja tena. Akatoka nyuma, akaja katikati ya banda: mistari miwili. Akapanda juu ya gunia: mistari miwili. Akapanda gunia la pili, la tatu, mpaka kichwa chake kikagusa bati, kompyuta kwenye mapaja na simu, iliyoigawia kompyuta mtandao, ikining'inia kwenye mwamba wa paa kwa kamba ya katani. Mistari mitatu! Tangu banda lile lijengwe hakuna mtu aliyewahi kufika juu namna ile, ila panya, na panya hawakuwahi kufika na kompyuta.

Akafungua barua pepe, akaipachika picha, akabonyeza. Megabaiti arobaini na moja zikaanza safari. Asilimia moja. Asilimia moja. Asilimia mbili. Betri ya kompyuta ilisema kumi na tisa. Recho akapiga hesabu, kwa sababu hakuwa mtu wa kutumaini pale anapoweza kupiga hesabu: kwa mwendo ule picha ingefika karibu na saa moja ya usiku, na kompyuta ingekufa saa kumi na robo.

"Dada," Boazi aliita kutoka chini, "ipunguze. Nikupe programu, inapunguza mpaka kilobaiti mia mbili. Kila mtu anapunguza."

Na Recho, kutoka kileleni, akatoa hotuba ambayo mwenye banda la tatu kutoka hapo anasema aliisikia yote:

"Boazi, nisikilize vizuri! Nikiipunguza, nimeichukua miraba mia iliyokaa kila mmoja na mvua yake, nimeifunga gunia moja na kuiita wastani! Mvua ya milimita themanini iliyoanguka mahali pamoja nitakuwa nimeiita nane iliyoanguka popote! Hiyo si kupunguza picha. Hiyo ni kuiambia meli ipite, hakuna kitu! Bora bango liende bila jina langu kuliko liende na jina langu chini ya bluu na bluu nyingine!"

Boazi akarudi mezani kwake.

"Sawa," alisema Boazi. "Mimi nilikuwa nasaidia tu."

"Najua. Samahani, kaka."

"Asilimia ngapi?"

"Tatu."

Wakati huo, dakika ishirini na moja zikiwa zimebaki, akaingia mteja. Alikuwa Violet, mfanyabiashara kutoka Nakonde, mwanamke mwenye kofia ya sufu na macho yasiyodanganyika, ambaye kila wiki mbili alivuka kununua mchele.

"Mama Ketrina, mukwai," alisalimu kwa adabu ya kwao. Kisha akatazama juu. "Na huyu je, mnamkausha?"

"Anatuma mvua Dar es Salaam," alisema shangazi. "Usimjali. Gunia lipi?"

"Lile la chini kabisa. La juu kila muuzaji anaweka zuri."

Shangazi Ketrina hakubishana. Akalishika bambo, ule mkuki mfupi wa bati wenye mfereji, silaha ya wote wanaouza nafaka kutoka Momba hadi pwani; akauchoma ubavuni mwa gunia, akauzungusha, akauchomoa. Punje za mchele zikatiririka kiganjani mwa Violet. Violet akazipuliza, akazihesabu zilizovunjika, akatafuna tatu.

"Huu ni wa Msangano kweli," alisema. "Nachukua magunia mawili."

Recho alikuwa ameyaona hayo yote kutoka juu.

"Shangazi!" alisema. "Hujamwonyesha gunia zima."

"Gunia zima la nini? Mtu anaonja pale anapopatilia shaka."

Watu wanaopenda miujiza watasema hapo alishukiwa na ufunuo. Haikuwa hivyo. Alikumbuka jambo alilofundishwa mwaka wa kwanza na kulijibu vizuri katika mtihani: kwamba asiye na nguvu ya kuikata dunia nzima miraba midogo huikata midogo pale tu anapopahitaji, na kwingine huacha mikubwa. Wenye modeli hufanya hivyo kila siku. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya hivyo. Kilichomshinda ni kukumbuka kwamba hata picha ni miraba.

Akasimamisha utumaji, uliokuwa umefika asilimia tano. Akaifungua picha. Akaliacha bara la Afrika, akaiacha Madagaska, akaiacha bahari yote ya kusini yenye bluu isiyo na shaka. Akachora mstatili mwembamba kuufuata mkondo na maji ya baridi yaliyo ubavuni mwake, akakata. Hakugusa hata nukta moja iliyokuwa ndani. Megabaiti moja na robo.

Saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Betri nane.

Akaandika kwa kidole kilichoingia na kutoka tunduni mwa H: *Daktari, hiki ni kipande cha mkondo tu, hakijabanwa hata kidogo. Weka kando ya kipande hichohicho cha miraba mikubwa.* Akapachika. Akabonyeza.

Asilimia kumi. Ishirini. Boazi akawaita watu wawili waliosimama mlangoni wazime data zao, na wakazima, ingawa hakuna ushahidi wowote kwamba ilisaidia. Asilimia arobaini na nne. Lori likapita barabarani na banda likatikisika. Mstari mmoja ukaanguka, ukarudi. Sitini. Sabini na mbili. Shangazi Ketrina aliacha kupima mchele wa Violet, na Violet, ambaye hakuwa na habari ya jambo lolote, akanong'ona, "Sukuma, sukuma," kama mtu anayemsaidia mzazi.

Tisini na saba.

Ikasimama tisini na saba. Kompyuta ikafifisha mwanga kwa sababu ya njaa. Recho hakuomba, alikuwa na hakika kwamba maombi hayaongezi kasi ya mtandao. Lakini shangazi yake, Mmoraviani wa kizazi cha tatu, aliomba kwa Kinyamwanga, kwa ufupi na kwa sauti ya kudai. Vyanzo vinatofautiana kuhusu kilichofuata kwanza, amina au asilimia mia.

"Imekwenda," alisema Recho. Kompyuta ikazimika.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Wote wanne wakabaki wanaitazama simu inayoning'inia. Kasoro nne. Kasoro tatu. Violet aliuliza kama magunia yake yanaweza kufungwa wakati wanasubiri, akaambiwa asubiri. Kasoro dakika mbili, simu ikaita, ikazunguka kwenye kamba yake, na Recho akaidaka na kuifungulia sauti wote wasikie.

"Recho," alisema Daktari Clement. Nyuma yake ilisikika mashine kubwa ikinguruma.

"Ndiyo, Daktari."

"Nauona mkanda."

Shangazi Ketrina akauinua uso kuielekea simu.

"Ni mwekundu," aliendelea Daktari Clement, na mara hii sauti yake ilipanda, si sana, labda milimita moja. "Umefuata ukingo wa maji ya joto, haukuuacha popote. Kando yake ile ya miraba mikubwa haina kitu. Nimeviweka vipande vyote viwili kwenye nafasi ya picha moja. Jina lako nimeliweka la kwanza. Niandike Simbeye, si Simbeya?"

"Simbeye. Mwisho ni E."

"Sawa. Mtu wa kiwanda ananitazama vibaya. Kwaheri."

Uandikwe basi ushindi huo kwa vipimo vyake, ili vizazi visije vikauongezea: megabaiti moja na robo, kutoka urefu wa magunia matatu, kwa mwendo wa dakika sita, dhidi ya minara ya nchi mbili, zikiwa zimebaki dakika mbili. Hakuna aliyejeruhiwa. Gunia la juu lilitoboka kidogo.

Recho akashuka. Magoti yake yalikuwa na alama za magunia, na nywele zake zilikuwa na utando wa buibui. Hapo Shangazi Ketrina akatoka mlangoni, akasimama katikati ya njia baina ya mabanda, akaupeleka mkono mdomoni na kupiga kigelegele kirefu ambacho, kwa kadiri inavyojulikana, hakijawahi kupigwa kwa ajili ya mkondo wowote wa bahari. Akapokewa na wauza maharage. Wauza maharage wakapokewa na wauza nguo za mitumba. Kikaenda mpaka stendi.

Kilipotulia, Angel, muuza maharage wa banda la jirani, akatoa kichwa nje.

"Tunashangilia kweli," aliita, "lakini Mama Ketrina, nani kaolewa?"

"Hakuna aliyeolewa!"

"Kajifungua nani?"

"Hakuna!" alisema Shangazi Ketrina. "Huyu mwana wa kaka yangu, watu wote walikuwa wanasema baharini kule hakuna mvua. Yeye kasema ipo. Na leo saa kumi kasoro mbili wamekubali ipo!"

Angel akafikiri. Nyuma yake wanawake wa maharage wakaulizana kwa macho, kila mmoja akipima kama jambo hilo linastahili.

"Mvua kubwa?" aliuliza Angel.

"Kubwa!" alijibu Recho kutoka ndani ya banda. "Ila mahali pamoja!"

"Aa," alisema Angel, ambaye shamba lake lilisombwa na maji mwaka jana huku la jirani likikauka. "Hiyo naijua."

Akageuka, akawaambia wenzake, wakapiga tena, safari hii wakijua wanachokipigia.